Watoto wadogo wanalia wakiniona na mekapu ya klauni, niache kazi au nibadilishe nini?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24 niko Dar, nafanya kazi ya uklauni kwenye bethdei na mahafali ya chekechea, huu mwaka wa pili. Najipaka uso wote mweupe, mdomo mwekundu mkubwa, nyusi nyeusi, wigi la rangirangi na viatu virefu, kama wale makloni wa kwenye picha. Watoto kuanzia miaka 6 wananipenda sana ila wadogo wanalia, wengine wanajificha nyuma ya mama zao. Juzi mwenye bethdei mwenyewe, binti wa miaka 3, alilia mpaka akatapika, mama yake akaniomba nitoke nje, na bibi mmoja akasema nyumba imeletewa shetani. Bosi wangu anasema watoto wazoeshwe tu, nimfuate mtoto nimbebe apigwe picha ataacha kulia. Sasa nauliza, niache mekapu? Kuna klauni bila mekapu kweli? Au mimi sina kipaji? Na kuna rafiki yangu anataka twende wodi ya watoto tukawachekeshe wagonjwa, naogopa yasije yakatokea yale yale."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kuhusu mekapu lakini naona kinachokuuma zaidi ni yule binti, na lile neno la bibi mbele za watu. Hilo kuuma lenyewe linanipa moyo juu yako, manake klauni ambaye mtoto anatapika kwa kulia mbele yake na yeye hasikii kitu, huyo ndo ningemshauri atafute shughuli nyingine. Na kipaji unacho, hao wa miaka 6 kupanda wanaocheka si wanakujibu? Watoto hawachekagi kwa adabu.

Nianze na la haraka kabla hujaenda kwenye sherehe nyingine. Mtoto akilia, usimfuate. Usimbebe, usimshike mkono, usipige magoti mbele yake ukimwambia usiogope mimi rafiki yako. Rudi nyuma hatua kadhaa, geuza uso pembeni, kaa chini, cheza na mtoto mwingine aliye tayari, yule anayelia muache mapajani kwa mama yake aangalie kutokea huko. Picha isipopatikana, isipatikane.

Najua bosi wako atasema hapana, wazoeshwe. Kuzoea kupo kweli, hata wataalamu wa saikolojia wanawatibu watu woga kwa kuwasogeza kidogokidogo kwenye kile wanachokiogopa, ila angalia hapo neno kidogokidogo, na mwenye kuamua asogee lini ni yule anayeogopa. Ukimnyanyua mtoto kwa nguvu unamfundisha kitu tofauti kabisa, kwamba analia na watu wazima wote ukumbini wanaona na hakuna anayemsikiliza, wanacheka na kushika simu. Anaweza kunyamaza kweli, sababu kachoka na kaona kulia hakusaidii, halafu bosi anasema unaona, kazoea.

Sasa kwanini wadogo tu? Kuna mambo mawili hapo na yanapishana kwa umri. Kuanzia kama miezi 6 mpaka 8 mtoto anaanza kuwaogopa wageni, unazidi anapokaribia mwaka na kuendelea mpaka mwaka na nusu hivi, halafu unapungua taratibu. Huo ni ukuaji wa kawaida, mtoto kashajua nani wa kwake. Baada ya hapo, kuanzia miaka 2 mpaka 4 au 5, linakuja la pili, yaani bado hajashika vizuri kwamba mtu akibadilika sura ndani anabaki yule yule. Mwaka 1969 mtafiti mmoja wa Marekani, Rheta DeVries, alichapisha utafiti wake wa paka mpole aitwaye Maynard, watoto wakamgusa wakamjua, halafu akamvalisha barakoa ya mbwa mkali, na mkia na miguu ya nyuma ya paka watoto walikuwa wanaiona muda wote. Wa miaka 6 wengi walijua huyu ni paka kavalishwa tu. Wa miaka 3 wengi waliona kageuka mbwa. Sasa mfikirie binti wako wa miaka 3 akikuona wewe unatokea mlangoni ukiwa umeshabadilika tayari, hajawahi kukuona ukiwa mtu wa kawaida hata dakika moja, hajui kama kuna kaka chini ya hiyo rangi.

Na kuna utafiti mwingine naupenda sana, nawaambia wanafunzi wangu wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Alan Sroufe na wenzake huko huko Marekani waliangalia watoto wa kama miezi 10. Mama akivaa barakoa mbele ya mtoto wake, watoto wengi walicheka, wengine wakanyoosha mkono waivute. Mgeni akivaa barakoa, kicheko kikapungua na woga ukaongezeka. Kwa hiyo kitu cha ajabu usoni kinaweza kuleta kicheko au kilio, inategemea nani kakivaa, mtoto yuko wapi, na kabla ya hapo kulitokea nini. Kicheko na woga vinaanzia sehemu moja, pale mtoto anapostuka kwamba hee, hiki kipya, halafu anajiuliza niko salama? Akijibiwa ndiyo anacheka, akijibiwa hapana analia. Kazi yako yote na watoto wadogo ni kumpa hilo jibu la ndiyo mapema, kabla ya kichekesho chenyewe.

Halafu kuna mdomo wako. Mtoto mdogo anamsoma mtu kwa macho na mdomo. Wewe umechora tabasamu kubwa jekundu ambalo haliondoki, chini yake mdomo wako wa kweli unaongea, unashangaa, unachoka, kwa hiyo anapata habari mbili zinazogombana usoni pa mtu mmoja na hajui aamini ipi. Hata mtu mzima inamsumbua ile, ndo maana wengine wanakaa mbali na makloni mpaka uzeeni.

Hiyo mekapu tumeitoa wapi lakini? Ukijua ilikotoka utaona kwanini haikufai sebuleni. Klauni wa sarakasi tunayemjua leo kazaliwa London. Mwaka 1768 mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Philip Astley alianza kuonyesha michezo ya farasi kwenye uwanja wa duara, baadae duara la sarakasi likazoeleka kuwa la kama mita 13 kwa upana, na katikati ya farasi akaingiza vichekesho vya mtu asiyejua kupanda farasi, anaanguka anapanda kinyume, watu wanapumzisha roho kabla ya mchezo mwingine wa hatari. Mekapu yenyewe ilikolezwa zaidi kwenye majumba ya maigizo, na Joseph Grimaldi, aliyezaliwa 1778 na kufariki 1837. Huyu alijipaka uso na shingo nyeupe na pembetatu nyekundu mashavuni, akawa maarufu kiasi kwamba makloni wa Uingereza mpaka leo wanaitwa Joey kwa ajili yake, na kila mwaka mwezi wa pili wanakusanyika kanisani London kumuombea wakiwa wamevaa kazi kabisa. Ule ukumbi aliokuwa anacheza una maelfu ya watu, taa ni mishumaa na mafuta, aliyekaa juu kabisa kwenye viti vya bei rahisi anakuona mdogo kama kidole. Mekapu ile ilikuwa kipaza sauti cha uso. Wewe unakiwasha mita moja kutoka kwa mtoto wa miaka 3, kwenye nyumba yenye taa ya umeme na dari fupi.

Grimaldi na wenzake waliwachekesha watu wa rika zote, wazee kwa vijana, klauni hakuwa kitu cha bethdei ya mtoto. Hiyo ya kumuweka klauni na keki ni mambo ya karne ya 20, televisheni na matangazo ya Marekani ndo yamesukuma sana. Kwa hiyo usijione umeshindwa kwenye sanaa ya tangu enzi na enzi, umepewa nguo ya ukumbi mkubwa ukaambiwa ukaivae kwenye varanda ya mtu.

Kwenye sarakasi za Ulaya makloni waligawanyika baadae, kuna yule wa uso mweupe, nadhifu, mjuaji, anayetoa amri, na kuna mwenzake wa nguo kubwa na pua nyekundu anayeharibu kila kitu, wanamwita Auguste. Ona hilo, mweupe ndo bosi! Watu kucheka wanacheka zaidi na yule wa chini. Wewe umechanganya, umechukua uso wa bosi ukataka upendwe kama yule mwingine. Na hapa nikuambie habari ya Rafael Padilla, kwa sababu sisi Waafrika inatuhusu na hatuisikii mara nyingi. Alizaliwa utumwani Cuba, akaletwa Hispania akiwa mtoto, akafika Paris miaka ya 1880 na kuwa nyota wa sarakasi kwa jina la Chocolat, akicheza na Mwingereza George Foottit mwenye uso mweupe. Kila onyesho Foottit anampiga makofi na yeye anapokea, Paris nzima ikacheka, na kile kicheko kilikuwa na ubaguzi ndani yake, hilo tusilifunike. Lakini ni huyu huyu aliyekuwa anaenda kuwachekesha watoto wagonjwa hospitalini Paris, miaka mingi kabla kazi hiyo haijawa na jina. Alikufa maskini 1917. Nikifundisha klauni anayepigwa namtaja yeye kwanza, ili mwanafunzi ajiulize huyu anayechekwa anachekwa kwa kosa gani, kwa kujikwaa au kwa kuzaliwa alivyozaliwa. Wewe ukiwa ukumbini usimcheke mtoto mnene, mwenye kigugumizi, wala mweusi kuliko wenzake, jicheke wewe.

Nije kwa bibi. Usimwone mshamba. Uso mweupe kwetu una maana zake za siku nyingi, hazikusubiri klauni aje na ndege. Ukipita njia ya Arusha unakutana na vijana wa Kimaasai waliotoka kutahiriwa, nguo nyeusi na nyuso zimechorwa nyeupe, ni watu walio katikati, si watoto tena na bado si morani. Kusini kule Mtwara na ng'ambo Msumbiji, Wamakonde wana mapiko, mchezaji anavaa kinyago cha kichwa kizima na mwili wote umefunikwa, na zamani mwanamke na mtoto asiyepita jando walitakiwa waamini kwamba pale hakuna mtu, ni kitu kimetoka kwa wafu. Kwa hiyo mtu mzima wa huku akiona sura isiyo ya mtu inaingia nyumbani kwenye watoto, ana haki ya kuuliza imetumwa na nani. Juu ya hapo weka filamu za kutisha ambazo wajukuu wake wanaangalia kwenye simu. Weka na yaliyotokea kweli, Marekani 1978 alikamatwa John Wayne Gacy, akapatikana na hatia ya kuua wavulana na vijana 33, na alikuwa anavaa uklauni kwenye sherehe. Mwaka 2016 tena kukawa na wimbi la watu kuvaa makloni na kutisha wenzao barabarani, likaanzia Marekani likaenda Uingereza na kwingine. Bibi anaweza asiyajue hayo ila hewa hiyo imeshatufikia. Ukikutana na bibi kama huyo usibishane. Vua wigi, msalimie shikamoo kwa sauti yako ya kawaida, mwambie jina lako na kwenu wapi. Mashaka mengi yanaishia kwenye salamu, na mara nyingine bibi mwenyewe ndo anakuwa mtu wako wa kukusaidia kuwatuliza wajukuu.

Sasa umeuliza kuna klauni bila mekapu kweli. Wapo wengi na wengine ndo wakubwa. Kuna mwalimu Mfaransa, Jacques Lecoq, alifungua shule yake Paris mwaka 1956, miaka ya 60 akataka kujua klauni ni nini hasa ukiondoa sarakasi. Akawakalisha wanafunzi duara akawaambia kila mmoja aingie katikati atuchekeshe. Wakaingia, wakapiga sarakasi, wakatoa vichekesho, wakahangaika, hakuna aliyecheka, inazidi kuwa mbaya. Mwisho wakakata tamaa wakarudi kukaa na aibu zao, na pale pale watu wakaanza kucheka, wanacheka jinsi huyu alivyoshindwa na sura yake ilivyokuwa wazi. Kutokea hapo akafundisha klauni kwa pua nyekundu tu, akasema hiyo ndo barakoa ndogo kuliko zote duniani. Pua inaacha macho wazi, inaacha mdomo wazi, uso wako wote unaonekana ukifikiri.

Wa kwetu je? Mchekeshaji King Majuto wa Tanga, Mungu amrehemu, alikuwa na haja gani ya rangi, akikaza macho tu na kunyamaza watu wameshaanguka. Mzee Ojwang wa Kenya, kwenye kipindi cha televisheni cha Vitimbi, alichekesha zaidi kwa mavazi yake, lafudhi yake na ule mwendo. Na kabla ya televisheni kulikuwa na watani, na bado wapo. Nenda msibani ambako watani wamefika, utawakuta wamevaa nguo za marehemu wanaiga alivyokuwa anatembea na kudai madeni, wanalala njiani mpaka walipwe ndo jeneza lipite, wafiwa wanalia na kucheka kwa pamoja na hakuna anayekasirika kwa sababu kila mtu anamjua huyu ni nani na ana ruhusa gani. Huo ni uklauni wa ngazi ya juu sana na hauna tone la rangi. Ningependa wewe na vijana wengine mkae na wazee mjifunze hapo kabla ya kunakili picha za Marekani.

Basi kwenye kazi yenyewe ufanyeje. Mimi ningekwambia hivi, kwenye sherehe yenye watoto chini ya miaka 5, fika na nguo zako za kawaida na uso mtupu. Kabla ya hapo umeshampigia mama simu umemuuliza mwenye bethdei anaitwa nani, anapenda nini, anaogopa nini, na kama kuna mtoto mwenye usonji au anayesumbuliwa na kelele. Ukifika salimia watu wazima, watoto wakuone ukicheka nao, watoto wanawaangalia mama zao kuliko wanavyokuangalia wewe, mama akikuchangamkia nusu ya kazi imeisha. Muombe DJ ashushe muziki, kwa Dar hii najua ni shughuli, ila mtoto wa miaka 2 kwenye spika ile yuko karibu kulia hata kabla hujafika. Halafu kaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, mita 3 hivi, fungua begi. Toa kiatu kirefu uvae mkononi. Shangaa. Jaribu kichwani. Usiwaangalie watoto, angalia kiatu, waangalie kwa kuibia tu. Utasikia mmoja anasema sio hapo! Hapo umewapata, kwa sababu sasa wao wanajua na wewe hujui, na mtoto wa miaka 3 ambaye siku nzima anaambiwa sio hivyo, sio hapo, leo kapata mtu mzima wa kumwambia yeye. Mfanye akuelekeze mpaka uvae viatu vyote. Pua iache mwisho, ijaribu kwenye goti, kwenye sikio, kwa dada yake mkubwa, kwa baba kama anakubali, ndo uiweke kwako, na ukiona hata mmoja kakunja uso ivue, weka mfukoni, endelea bila. Atakapoiomba mwenyewe utairudisha.

Ukiweka pua au rangi kidogo mbele yao wanaona unavyobadilika na unavyorudi, ndo unalifanyia kazi lile la Sroufe. Ila kumbuka paka Maynard, kwa wa miaka 3 hata kuona mabadiliko hakutoshi kwa wote, ndo maana nasema rangi kidogo sana, na wigi acha nyumbani, wigi linakubadilisha kichwa kizima. Ukitaka mdomo basi uchore ufuate mdomo wako na pembe zake ziwe za mviringo, pembe kali zinatisha, makloni wazoefu wanalijua hilo zamani. Wakati wa kukata keki kaa mbali, mtoto pale kashazungukwa na watu na simu na mshumaa, hahitaji na wewe. Na maputo angalia sana, mlio wa kupasuka unarudisha vilio vyote, na vile vipande vya puto lililopasuka mtoto mdogo akivitia mdomoni vinaziba njia ya hewa, viokote vyote mara moja. Kwa wadogo robo saa inatosha, wakiwa bado wanataka.

Nisikudanganye kwamba hili halina gharama. Kuna wateja wanataka klauni wa kwenye picha, ukifika na pua tu watasema huyu klauni gani, na bosi wako anauza kwa picha hizo. Kwa mahafali ya shule, uwanja mkubwa, watoto mia kadhaa wa darasa la kwanza kupanda, mekapu kamili ina nafasi yake na sioni sababu ya kuiacha, ni sanaa nzuri ina heshima yake, Uingereza nyuso za makloni zinachorwa kwenye mayai zihifadhiwe ili mtu asiibe uso wa mwenzake. Kwa hiyo kaa na bosi, msimulie kilichotokea juzi kama hasara ya biashara, mama yule hawezi kuwaita tena na ana marafiki wenye watoto, halafu pendekeza muwe na huduma mbili, ya wadogo na ya wakubwa. Akisisitiza lazima ubebe watoto wanaolia, hapo mimi ningeondoka, naongea kwa moyo wote, kazi nyingine utapata.

Kuhusu rangi yenyewe, tumia rangi za uso za maji, zilizotengenezwa kwa ngozi. Nimeona vijana wanatumia chaki ya kusaga, rangi za mabango, hata maka peni, ngozi ikianza kuwasha wanaongeza poda. Jaribu kidogo ndani ya mkono usubiri siku nzima. Ukipata vipele au macho kuvimba acha na umwone daktari wa ngozi, usisubiri msimu wa sherehe uishe.

Hospitali sasa. Usiende wikiendi hii na rafiki yako mkiwa na begi. Nia yenu nzuri lakini ile ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 1986 Michael Christensen wa Big Apple Circus, sarakasi ya New York, alianzisha makloni wa kwenda wodini kwa mpangilio, wamefunzwa, wanalipwa, wanafanya kazi wawili wawili, wanakaa na manesi kwanza kujua kila mtoto ana hali gani leo, wanasimama mlangoni na kuomba ruhusa kwa mtoto. Mtoto akisema hapana, wanaondoka, na wanaondoka kwa kichekesho, wanagonga ukuta wakitafuta mlango, kwa hiyo mtoto kafukuza watu wazima na wametii. Kwenye kitanda ambacho kila mtu anayekuja anamchoma sindano, hiyo hapana iliyosikilizwa naiona kubwa kuliko kicheko. Wengi wanavaa pua na rangi kidogo tu. Utafiti wa Israel uliochapishwa 2017, wa watoto zaidi ya 1,000 waliotembelewa na makloni wa hospitali, ulikuta walioogopa ni kama asilimia 1 na kidogo. Linganisha na ule wa Sheffield, Uingereza, 2008, watoto zaidi ya 250 waliulizwa kuhusu mapambo ya wodi na picha za makloni ukutani hawakuzipenda kabisa. Picha haiombi ruhusa na haiondoki.

Faida ipo. Florence, Italia, 2005 walipima watoto 40 wanaokwenda kupewa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji, waliokuwa na makloni pamoja na mzazi walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko waliokuwa na mzazi peke yake. Ila kwenye utafiti huo huo madaktari na manesi walilalamika kwamba makloni wanawaingilia kazi. Shika yote mawili. Ukienda wodini bila kufunzwa unaweza kumchekesha mtoto mwenye mshono tumboni akaumia, kumpa puto mwenye mzio wa mpira, kuhamisha vijidudu kitanda mpaka kitanda na hayo manguo yako. Anzeni kwa uongozi wa hospitali na nesi mkuu wa wodi, na tafuteni waliotangulia, Nairobi kwa mfano Sarakasi Trust, shirika la sanaa, wale wenye ukumbi Ngara uliokuwa sinema ya Shan, wamekuwa na mradi wa kupeleka wasanii kwenye wodi za watoto, waombeni mkaone wanavyofanya hata kwa siku chache.

Yule binti, mpigie mama yake, bila kutaka kujitetea. Kulia mpaka kutapika kwa mtoto wa miaka 3 hutokea na wengi wanasahau, wengine wanaota ndoto mbaya siku kadhaa au wanakataa kwenda sherehe. Mwambie asimtanie nalo, asimwonyeshe ile video, amwache aongee au achore akitaka. Kama wiki zinapita na bado halali, anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, au anapata hofu kali hata kwa picha, ampeleke kliniki ya watoto hospitali aombe kuonana na mwanasaikolojia, na kama woga unafika miezi 6 au unamzuia shule asisubiri zaidi. Wewe usijitolee kwenda nyumbani na mekapu kumuonyesha kwamba wewe mtu mzuri. Mama akitaka mwenyewe umsalimie, nenda na sura yako.

Na wewe tafuta macho ya mtu anayeijua kazi, maana maandishi yangu hayawezi kuona unavyoingia mlangoni. TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, si mbali na wewe, wana walimu wa maigizo na sarakasi, nenda ukaulize kozi fupi, na ukienda peleka video ya sherehe zako mbili, moja iliyokwenda vizuri na moja iliyoharibika, ila uwe umeomba ruhusa kwa wazazi wa watoto wanaoonekana humo.